Kikohozi Kwenye Santuri ya Krismasi

Watu waliokuja kusikiliza santuri zangu sikuwaheshimu hata mmoja, na afadhali niliseme hilo mapema kabla msomaji hajaanza kunionea huruma. Walikuja wamevaa nguo nilizowashonea kwa mikono yangu, wakajaa barazani, wakala karanga na kutupa maganda juu ya vitambaa vya wateja, halafu wakaniuliza kwa nini sipigi rumba. Sikuwa na rumba. Nilikuwa na nyimbo za Krismasi, za Krismasi tu, na nilikuwa nazo nyingi kuliko padri yeyote wa kando ya ziwa.

Mimi ni Mwislamu. Nilikuwa fundi cherehani hapo Mirongo, hatua chache kutoka sokoni, katika miaka ile ya hamsini ambapo kila mwenye suruali mbili alijiona ameshaendelea. Baba yangu alikuja Mwanza akitokea upande wa Tabora, mama alikuwa Msukuma aliyesilimu, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuingia kanisani isipokuwa mimi, siku nilipokwenda kupima madirisha ili nishone mapazia. Kwa hiyo watu walitaka sana kujua fundi wa Kiislamu anatafuta nini kwenye nyimbo za kuzaliwa kwa Yesu. Jibu langu lilikuwa moja: zinanichekesha.

Mambo yalianza kwa mama mmoja wa Kizungu, mke wa ofisa wa serikali aliyekuwa anarudi kwao. Alipokuja kuchukua magauni yake ya mwisho aliniachia sanduku la santuri, akisema zitavunjika melini, na juu yake gramafoni ya kuzungusha kwa hendeli. Nilizipiga zote siku hiyohiyo, na karani mmoja Mgoa, jirani yangu, akanitafsiria. Zote zilihusu baridi. Theluji imeanguka, moto unawaka ndani, kengele zinalia shingoni mwa farasi, mtu yuko mbali na anatamani kurudi kwao. Nje, mvua ya Desemba ilikuwa imeujaza Mto Mirongo takataka za mji mzima, na mimi nimevua shati kwa joto. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Watu wazima, wenye wilaya nzima mkononi, sikukuu ikifika wanalilia barafu! Tangu siku hiyo nikawa naziwinda.

Mabaharia wa meli za Kisumu na Bukoba waliniletea. Wazungu walipohama, wapishi wao walinijia na santuri zilizofungwa kwenye foronya. Nilizozipenda zaidi ni zile zilizokwenda kombo. Nilikuwa na moja ya mtoto wa Kizungu anayeanza vizuri, kisha anasahau maneno na kuangua kilio, na piano inaendelea tu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuwa na nyingine yenye kodiani na wanaume wanaopayuka. Padri mmoja aliyeleta kanzu yake ipunguzwe aliisikia, akawa mwekundu, akasema huo si wimbo wa Krismasi hata kidogo, ni wimbo wa pombe. Nikaiacha palepale kwenye fungu la Krismasi. Kwa nilivyowaona watu wa Mwanza wakisherehekea, haikuwa imepotea njia.

Siku ya Krismasi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Asubuhi majirani Wakristo waliniita niwachinjie kuku, maana kuku akichinjwa na Mwislamu, sahani ya pilau inaweza kuingia nyumba yoyote mtaani. Nilichinja, nikaoga, nikafungua baraza. Baada ya ibada watu walipita barabarani kuonyesha nguo mpya, na mimi niliyejua kila pindo lililofichwa na kila kiuno kilichoongezwa nilikaa nikiwatazama. Kisha nikazungusha hendeli, na hapo ndipo walipojaa.

Upande wa pili wa barabara alikaa karani wa ofisi ya pamba, Mkristo, msafi kupita kiasi, ambaye naye alikusanya santuri za Krismasi. Zake zilikuwa sahihi. Kwaya kubwa, kinanda kikubwa cha kanisa, hakuna aliyelia wala kulewa. Alizipanga kwa alfabeti, akazifuta kwa kitambaa laini nilichomkatia mimi, na kabla ya kila moja alisimama kutueleza imerekodiwa wapi, kwa Kiingereza kwanza, halafu kwa Kiswahili kwa ajili yetu sisi wengine. Debe tupu haliachi kuvuma. Nilimdharau mtu huyo kwa moyo wangu wote, naye alinidharau mimi, na katika hilo tulikuwa ndugu.

Asiyekaa Usukumani hatajua hili linatoka wapi. Kwetu vyama viwili vya ngoma vikishindana, vinacheza saa ileile, uwanja uleule, kila kimoja upande wake. Hakuna mwamuzi. Watazamaji wanakwenda wanakotaka, na wenye watu wengi ndio walioshinda, ndiyo maana kiongozi wa ngoma ataleta hata chatu shingoni ilimradi awavute. Basi watu wakatufanyia hivyohivyo sisi wawili, mabaraza yanayotazamana. Hatukuwaomba. Walitoka kwake wakaja kwangu, wakarudi kwake huku wanatafuna, na ikifika magharibi kila mtu mtaani alijua nani kashindwa mwaka huo. Na mimi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, nilianza kukosa raha tangu Novemba kwa ajili ya mambo hayo ya kitoto.

Silaha yangu ilikuwa santuri moja. Miaka michache kabla, Wazungu wawili walikuja na gari lenye mashine ya kurekodi, wakawapanga wanakwaya wa misheni moja ng'ambo ya ghuba, wakawaimbisha wimbo wa Krismasi kwa Kisukuma. Walipewa nafasi moja tu. Baada ya ubeti wa pili kwaya inanyamaza ili kuvuta pumzi, na katika ukimya huo mtu anakohoa: viwili vifupi, kimoja kirefu. Mwalimu wa kwaya anashtuka, anawaingiza mapema, wanaume wa sauti nzito hawako tayari, na ubeti wa tatu unaanza kama mkokoteni ulioingia shimoni. Padri wao alipoletewa santuri zake aliona aibu, akazifungia stoo chini ya bati, na joto likazikunja zote zikawa mabakuli. Katekista, mteja wangu, alikuwa ameshachukua moja, akanipa mimi. Haikubaki nyingine.

Watu walikipenda kikohozi kile kuliko nyimbo zangu zote. "Kikohozi, fundi! Rudia!" Nami nairudisha sindano nyuma kidogo, kinasikika tena, na baraza zima linakohoa pamoja nacho. Siku zile sindano za chuma zilikuwa adimu, kwa hiyo wenye gramafoni tulizinoa kwenye jiwe zile zilizokwisha kuwa butu, tukazitumia tena na tena. Sindano iliyonolewa inakwangua santuri. Hilo nililijua vizuri. Sikuhitaji kuambiwa na mtu habari za sindano.

Krismasi moja, miaka miwili kabla ya Uhuru, niliona mwanamume mmoja nyuma ya watu ambaye hakucheka. Alikuwa na koti zito kuukuu kwenye jua lile, na viatu ameshika mkononi. Nikamwona mshamba. Kesho yake akarudi, baraza likiwa tupu, akavua kofia.

"Hodi, fundi. Mimi siku hizi nakaa Buswelu, nachoma matofali. Naomba unipigie ile ya kwaya."

Nikampigia. Kikohozi kilipofika nikacheka peke yangu, kwa mazoea. Yeye alikuwa ameinama, sikio karibu kabisa na gramafoni.

"Unaweza kurudia hapo?"

Nikarudia, nikacheka tena, safari hii kidogo.

"Huyo ni mama watoto," akasema.

"Nani?"

"Anayekohoa. Kifua kilikuwa kimeshamkamata. Padri alimwambia akae nje siku ile, akakataa, akataka na yeye aingie kwenye mashine kama wenzake. Hakumaliza mwaka."

Nikamuuliza sauti ya mkewe kwenye wimbo wenyewe ni ipi.

"Simpati," akasema. "Wako wengi mno. Hapo tu ndipo yuko peke yake."

Picha hawakuwahi kupiga. Mkewe alikuwa amemwacha mtoto wa kike ananyonya, na mtoto huyo alikuwa sasa na miaka minne, akimuuliza baba yake mama alikuwaje. Baba hakuwa na cha kumwonyesha. "Sasa hivi bado mdogo, hataelewa," akaniambia. "Krismasi ijayo pia bado. Ile itakayofuata nitamleta, siku kama ya leo, amsikie mama yake. Nakuomba, fundi, usiwapigie watu wa kucheka. Itakwisha."

"Wallahi, sitaipiga," nikamwambia.

Nilipaswa kumpa pole na sikumpa. Nilimkasirikia. Miaka yote nimewacheka wengine kwa raha zangu, halafu anakuja mtu na koti lake kunitia aibu kwenye baraza langu mwenyewe, tena kwa upole, bila hata kunitukana ili na mimi nimtukane. Alipoondoka niliifunga ile santuri kwenye kipande cha kitambaa cha amerikani, nikaiweka chini kabisa ya sanduku.

Alirudi mara tatu au nne katika mwaka uliofuata, akija mjini kwa shughuli zake. Kwa ajili yake nilitumia mwiba. Yule Mgoa alinifundisha: ukikata mwiba wa mti vizuri, ukauchonga ncha, unakaa mahali pa sindano, sauti inatoka ndogo, lakini hauli santuri. Mchoma matofali aliinama, akasikiliza, kikohozi kikapita, akasimama. Mara moja nilipotaka kumrudishia alinizuia mkono.

"Moja inatosha, fundi. Tumwekee mtoto."

Krismasi iliyofuata nilishika kiapo changu. Watu wakaomba kikohozi, nikasema santuri imevunjika. Nikawapigia mtoto anayelia, nikawapigia wimbo wa pombe, wakakaa kidogo kwa adabu kisha wakavuka barabara mmoja mmoja kwenda kusikiliza kinanda cha karani, ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekipenda. Walikwenda kwa sababu wengine wamekwenda. Nikakaa na maganda ya karanga. Nilijiambia kwamba nimefanya jambo la kiungwana, na nilijiona mjinga mno.

Kisha ukaja mwaka wa Uhuru. Desemba ile sikushona gauni wala suruali. Nilishona bendera mpaka vidole vikafa ganzi. Kijani, nyeusi, na ile mistari ya dhahabu ambayo kila mtu alitaka iwe mipana zaidi ya ile ya jirani yake. Wale waliokuwa wakinyenyekea mbele ya kila kofia ya Kizungu mwezi wa Novemba, sasa walitembea vifua mbele wakatusimulia jinsi walivyopigania nchi. Karani wa pamba alikuwa wa kwanza. Aliagiza bendera kubwa kuliko ya ofisi yake, akaitundika barazani, na chini yake akaweka kitu kipya: redio-gramu ya umeme, ya mbao inayong'aa, yenye spika ya kusikika mpaka sokoni.

Krismasi ikafika kama wiki mbili baada ya sherehe, na watu bado wana Uhuru kichwani. Nilipoweka gramafoni yangu barazani sikusikia hata mlio wake mwenyewe. Kwaya ya ng'ambo ilinguruma kutoka upande wa pili, na mtaa mzima ulikuwa kule. Kwangu walibaki bibi mmoja kiziwi na mbuzi. Karani akavuka barabara, suti nyeupe, mikono nyuma, akasimama mbele yangu ili wote wamwone.

"Fundi," akasema, "funga tu ukapumzike. Wewe Mwislamu, kwani sikukuu hii ni yako? Sasa tumeshajitawala, kila mtu ashike lake."

Watu wakacheka. Walikuwa wamevaa nguo nilizowashonea miaka ya nyuma, wamekula kuku niliowachinja asubuhi, wamesimama chini ya bendera niliyoishona, wakanicheka. Damu ilinipanda. Nataka ieleweke kwamba sikusahau. Nilikumbuka kiapo, nilikumbuka Buswelu, nilijua kwamba kesho yake ndiyo siku aliyosema angemleta mtoto. Nilijua yote hayo wakati mkono wangu ukiingia chini ya sanduku.

Nilijaribu kwanza mwiba. Sauti haikufika hata barabarani. Nikautoa, nikachukua sindano ya chuma niliyoinoa wiki ileile, nikaikaza, nikageuza mdomo wa gramafoni uelekee kwa watu, na nikaiteremsha karibu na mwisho wa ubeti wa pili.

Viwili vifupi, kimoja kirefu.

Mtu mmoja upande wa pili akageuka. "Kikohozi!" akapiga yowe. "Kikohozi kimerudi!" Wakaja mbio. Walivuka barabara kwa mkupuo, wanawake wamekusanya magauni, wazee na bakora zao, mpaka nguzo ya baraza ikalalamika. "Rudia, fundi!" Nikarudia. Wakakohoa wote. "Rudia!" Nikarudia. Mmoja akajifanya mwalimu wa kwaya anayeshtuka, akaanguka chini, wakamshangilia. Sikuhesabu nimeirudisha sindano mara ngapi. Ng'ambo ya pili kwaya ya karani iliimbia bendera peke yake, hadi akaizima, akaingia ndani na kufunga mlango.

Nilifurahi. Sitadanganya hapa, baada ya kusema mengine yote. Walinibeba begani, na futi kamba yangu ya kupimia ikiwa shingoni, na kwa muda ule niliwapenda watu wale niliowadharau miaka yote. Zile mara za mwisho nilisikia kwamba kikohozi kimekuwa hafifu, lakini wao walikuwa wakikohoa kwa nguvu kiasi kwamba hakuna aliyekihitaji tena.

Asubuhi iliyofuata sikuigusa gramafoni. Ningeweza kuijaribu mapema nijue, lakini niliogopa. Wakaja kama saa nne. Baba na koti lake, na mtoto wa miaka sita aliyevalishwa gauni jeupe lililoshonwa kwa mkono, mishono imepinda, si kazi yangu. Viatu ameshika mkononi kama baba yake, barazani akavivaa.

"Shikamoo," akaniambia.

"Marahaba, mwanangu."

"Tumekuja kumsikiliza mama."

Baba yake akavua kofia, akamwambia akae kwenye kiti changu cha kushonea, kikasogezwa karibu. Ningeweza kusema wakati ule. Ningeweza kusema gramafoni imeharibika, njooni mwezi ujao, na nikawa mwongo tu. Nilichonga mwiba mpya, polepole kuliko ilivyohitajika. Nikazungusha hendeli. Nikaanza toka mwanzo wa wimbo, si karibu na pale, kwa sababu nilitaka dakika zile mbili.

Ubeti wa kwanza ukapita, mtoto akitikisa miguu. Ubeti wa pili ulipokaribia mwisho, baba akapiga goti pembeni yake na kumshika bega.

"Sasa," akamnong'oneza. "Sikiliza. Huyu hapa anakuja."

Kwaya ikanyamaza. Mwiba ukapita mahali pale ukitoa mchakacho wa mchanga, shiii, mrefu, mtupu. Kisha mwalimu akawaingiza mapema, wanaume wakayumba, na ubeti wa tatu ukaendelea.

Mtoto akangoja. Kisha akamtazama baba yake.

"Baba, mbona sijamsikia?"

Yule mtu akaniangalia. Aliangalia uso wangu, akaangalia sakafu ya baraza ambayo nilikuwa sijaifagia, maganda ya jana yamejaa mpaka ngazini, akaniangalia tena. Nilimngoja anitukane. Nilitamani anitukane. Badala yake alimgeukia mtoto, na akatabasamu.

"Leo hakohoi," akamwambia. "Mama amepona."

Mtoto akapiga makofi.